Pilau ya Wenye Hisa

Mkiniona nakataa pilau ya arusi msidhani nimeota kiburi, nina aibu yangu na pilau, na kwa kuwa majirani hapa kwenye magorofa ya Bugolobi wanaisimulia vibaya kuliko ilivyokuwa (wapo wanaoapa kwamba nilimbusu mwenyekiti mkono, uongo mtupu, nilipeana naye mkono tu), bora niiseme mwenyewe.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilikuja Kampala kutoka Bungoma, nikapata kochi, nikaketi. Anayetoka ni mke wangu, Mama Tabitha, anayeuza mashuka barazani kwa Mhindi mmoja Old Kampala, jua lake, mvua yake, na alikuwa amejiwekea akiba ya kilemba, ile pesa ya kumlipa mwenye jengo akukabidhi ufunguo, ili siku moja apate duka lenye mlango. Akiba hiyo ndiyo aliyoitaka kaka yake, shemeji yangu Wanjala.

Wanjala aliwahi kufanya kazi benki, akatoka huko na tai tatu na maneno mengi. Alikuwa na mfuko. Anatia pesa zake, anatia na za wateja, ananunua hisa za kampuni moja tu inayoendeshwa hovyo, kisha, badala ya kungoja kama watu wengine, anakwenda kuipigia kelele mpaka wakubwa waone haya, wabadili mambo, hisa zipande, auze. "Dada, pesa yangu yote imo humo," alimwambia Mama Tabitha akila chakula chetu. "Mkiungua, naungua nanyi." Nami, mjuzi wa kochini, nikasema: mpe.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya sabuni. Kila mwaka wakurugenzi walipata magari mapya na wenye hisa walipata barua ya pole. Mwenyekiti wake, mzee mnene aliyenyooshwa suti mpaka inang'aa kama sabuni yake, alikuwa akichaguliwa tena kila mkutano mkuu kwa kuinua mikono, maana wenye hisa kubwa hawajisumbui kuja, na wadogo wanakuja kula. Wanjala akaliona tundu hapo. Kwa kura ya karatasi zinahesabiwa hisa, na huko sisi ni kunguni. Kwa kura ya mikono vinahesabiwa vichwa. Basi akazigawa hisa kidogokidogo kwa majina ya wateja wake wote, mafundi vyuma wa Katwe na kina mama wa Kongo wanaouza vitenge, ili kila mmoja aingie ukumbini na mkono wake. Mwenyekiti akiangushwa mbele ya waandishi wa habari, alisema, kesho yake ataomba mazungumzo kwa magoti.

Tatizo lilikuwa Kiingereza. Mkutano unaendeshwa kwa Kiingereza cha mbio, na jeshi letu halikukijua. Wanjala akanitazama. "Shemeji umesoma sekondari. Utakaa mbele. Mwenyekiti akiuliza nani anapinga, wewe simama. Nyinyi wengine, macho kwa shemeji: akisimama, mikono juu!"

"Akisimama tu?" akauliza Mama Furaha, muuza vitenge kutoka Bukavu. "Sasa hiyo ni kazi? Hata mutoto anaweza."

"Ssebo, sisi nafuata wewe," akasema Ssalongo, fundi wa mageti.

Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: sikula asubuhi ya mkutano. Nilisikia kwamba kwenye mikutano hiyo kuna pilau ya nyama, na kwamba nyama huwaishia walio nyuma ya foleni, nikaona ni upumbavu kujaza tumbo chai na mkate mkavu siku ya neema.

Ukumbini Wanjala alisimama akahutubia kuhusu magari ya wakurugenzi, akazomewa, akashangiliwa, akaketi akijifuta jasho kama bingwa. Mwenyekiti akaanza kusoma mambo ya wakaguzi wa hesabu, sijui nini na nini, na mtumishi mmoja akafungua mlango wa pembeni. Enyi watu! Iliingia harufu ya iliki na nyama iliyokaangwa vizuri, na nyuma ya harufu nikaona wazee wa safu ya kwanza, wazoefu wale, wakianza kunyemelea mlango kiuno kimeinama. Nikajiambia kura bado iko mbali. (Aliyesoma sekondari ndiye aliyekuwa hasikilizi.) Nikasimama niwahi sahani.

Wakati huohuo mwenyekiti alikuwa amemaliza kuuliza nani anaunga mkono achaguliwe tena.

Nyuma yangu nikasikia mvumo. Nikageuka: mikono ya Katwe yote juu, ya Kongo yote juu, Mama Furaha kainua miwili. Nikawapungia, shusheni, shusheni! Wakadhani nawachochea, wakapunga nao, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wanjala alikuwa ameshika kichwa kama mtu anayeona nyumba yake inaungua, na kweli ilikuwa inaungua.

"Napinga! Kura irudiwe!" akapiga kelele.

"Bwana," mwenyekiti akamjibu kwa upole wa paka aliyeshiba, "si hawa ni watu wako?" Kisha akaniita mbele, akanishika mkono mbele ya kamera, akanitaja kuwa mfano wa mwenye hisa mdogo mwenye imani, akanizawadia mwavuli mkubwa wenye sura yake. Nikasema asante. Ningesema nini?

Nje Wanjala hakunipiga, alikosa nguvu. Mama Furaha ndiye aliyesema, "Baba, ulisimama, siye tukanyanyua. Sasa kosa ni ya nani?" Na pilau? Nyama ilikuwa imekwisha.

Kesho yake picha yangu ilikuwa gazetini, mimi na mwenyekiti tumekenua meno. Wengine waliokuwa wakinunua hisa kwa kutumaini vurugu ya Wanjala wakazitupa, bei ikaporomoka, mfuko ukauza kwa hasara. Wanjala alirudi Bungoma na tai zake tatu. Kuungua pamoja nasi ndilo neno pekee alilolisema kwa ukweli.

Kilemba kilikwenda. Mama Tabitha hakulia mbele yangu. Aliuchukua mwavuli, akaufungua barazani kwa Mhindi, na hadi leo anauzia mashuka chini ya sura ya mzee yule anayecheka.

Mimi nimeapa: sitoki bila kunywa chai, na hata kanisani wakisema tusimame, naangalia nyuma kwanza kuona nani ananifuata. Nyumbani pilau hupikwa sikukuu tu. Mama Tabitha huniwekea sahani mbali, upande wa pili wa meza, kisha hukunja mikono.

"Simama basi, Baba Tabitha," huniambia. "Si unajua kusimama?"

Nami hukaa palepale, mpaka ipoe.