Fizi ya Mwikwabe na Ng'ombe wa Wegesa

Kaka yangu Mwikwabe hakuwa na mali ya kumtisha mtu hapa Nyanungu. Alikuwa na shamba la mihogo, ng'ombe wachache na mdomo usioogopa. Ng'ombe wa mjane Wegesa alipoibwa, ni yeye aliyesimama mbele ya ritongo, baraza la ukoo wetu, akaapa kwamba alimwona jirani yetu Vicent akimswaga alfajiri. Vicent akaamriwa kumrudisha.

Mvua zilizofuata zilimkuta kaka na uvimbe kwenye fizi. Jino likang'olewa, kidonda kikagoma kufunga. Kwetu kila mtu anajua kiapo cha uongo humrudia aliyekiapa. Basi wakasema mdomo umeoza kwa sababu ulidanganya, na waliosema kwa sauti kubwa ni wale wale waliozoea kula ugali wake.

"Gati, nilimwona," aliniambia. "Kama ninavyokuona wewe."

"Najua. Twende Mwanza."

Wajomba wakakataa. "Hospitali haitibu kiapo. Tamka kwamba ulidanganya, kikuachie."

Maumivu yalikuwa yamemshinda. Akasimama palepale mbele ya ritongo, shavu limemvimba, akasema alidanganya. Mbuzi akachinjwa. Wegesa akanyang'anywa ng'ombe wake, na Vicent akamswaga mchana kweupe. Nilitamani kumtemea mate.

Uvimbe haukusikia habari za mbuzi. Vinundu vyekundu vikachomoza shingoni, kifuani, mgongoni. Ndipo wakaniachia nimpeleke. Daktari wa Mwanza alikata kinyama, akakipima.

"Ni limfoma, aina ya kansa," akasema. "Ilianzia kwenye fizi, sasa imeingia kwenye ngozi. Dawa tutampa, ila mmechelewa sana."

Tuliporudi, kaka alitaka jambo moja tu: alirudishe neno lake la kwanza mbele ya watu kabla hajafa. Nilikwenda kwa Mzee Simioni, msemaji wa baraza, nikampa shikamoo na nikamweleza maneno ya daktari.

"Binti yangu," akasema, "mtu akishajiita mwongo, nani atamsikiliza tena?"

Kufikia hapo kaka alikuwa hamezi kitu ila maziwa. Siku moja Vicent akaingia na kibuyu. "Pole, ndugu yangu. Nimekukamulia sasa hivi."

Kaka alimtazama, akafumba mdomo. Nilijua ana njaa. Nilijua pia yametoka kwa ng'ombe yupi.

Kwetu maziwa hayamwagwi. Niliyamwaga mlangoni, Vicent akiangalia.