Mkono wa Mabruka

Mabruka wa mji wa Nefta, ukingoni mwa jangwa, alikuwa akioka mikate ya tanuri ambayo harufu yake, asiyeamini akawaulize ngamia, iliwahi kumgeuza msafiri njiani akasahau anakokwenda. Alipomzika mumewe, Hedi, tanuri likapoa, na yeye akapoa. Chakula akakitazama tu. Kukicha, macho yake ukutani.

Daktari Sihem wa zahanati ya mtaani akampa dawa, wakapatana: mara aende mwenyewe, mara waonane kwa simu ya video. Sasa, kwao mgeni haonyeshwi machozi, hata akiingilia kwenye simu. Siku ya simu ya daktari, wifi yake Latifa, dada wa Hedi, mwenye ulimi wa kukaangia mayai, alitandika zulia, akampaka Mabruka wanja, akapanga chai na mikate aliyooka yeye mwenyewe. Daktari akiuliza, anayejibu ni Latifa: anakula, analala, anaoka. Mabruka alitaka kusema kwamba anazama. Akafungua kinywa, akaiona ile chai, akasema alhamdulillah.

Daktari akafurahi. Wakionana zahanatini, akasema, ataanza kumpunguzia dawa, na simu nazo zipungue. Mabruka akajiona anafukiwa kando ya Hedi, naye yu hai.

Siku ikafika. Latifa akabeba kapu la mikate, zawadi ya daktari. Daktari akapandisha mkono wa nguo ya Mabruka ampime presha, akauangalia mkono wenyewe. Mkono wa mbandika mikate huingia tanurini kila asubuhi kuibandika ukutani. Moto hauuachii hata unywele. Huu ulikuwa na vinywele laini kama vya mtoto.

"Mama, hujaoka tangu lini?"

"Anaoka huyu," Latifa akadakia, "mpaka majirani wanalalamika wamenenepa."

"Dada Latifa, mkono haujui kukaribisha wageni. Hebu tupishe kidogo."

Mlango ulipofungwa, Mabruka akasema polepole, "Mwanangu, kila nikiamka najuta kuamka."

Dawa haikupunguzwa. Simu zikaongezwa: bila zulia, bila wanja, bila wifi.

Simu ya kwanza Mabruka aliketi kando ya tanuri baridi, akalia tu, na daktari hakumkatiza. Alipovuta pumzi, akasikia ng'ambo ya ukuta kilio kingine. Latifa amekumbatia birika la chai iliyopoa, anamlilia kaka yake, ambaye tangu azikwe yeye Latifa alikuwa hajamlilia hata mara moja.