Kidole cha Athmani

Bado akili yangu inakataa. Leo asubuhi nimefika ofisini, nikamwekea chai mezani kwake kama kawaida, ndipo nikakumbuka tumemzika jana.

Wengi hapa mnamjua Athmani kama yule clerk wa clearing ya mizigo ya bandarini pale Changamwe, anayepokea simu kwa "naam" ya polepole mpaka mteja anasahau hasira zake. Meza yangu ilikuwa jirani na yake miaka yote. Ni presha. Jumatatu kichwa kilimuuma, alfajiri ya Jumanne hakuamka kuswali. Nimechoka kueleza kwa simu, kwa hivyo naandika mara moja.

Ofisi ilikuwa ya riziki tu. Roho yake ilikuwa kwenye kriketi. Jumapili alikuwa ampaya, ndiye refa wao, kwenye uwanja wa shule kule Likoni, na koti jeupe alilolishona fundi wa mtaani, mifuko mikubwa kupita kiasi.

Mimi ni Mkamba wa Makueni. Kriketi nilikuwa naiona kwa TV nikibadilisha channel. Yeye ndiye aliyenivuta: "Dada Mercy, njoo umwone kijana mmoja. Halafu usije kusema sikukwambia."

Kijana ni Rajabu, mpiga beti, lile gongo la kriketi, wakati huo anamaliza form four. "Huyu atavaa jezi ya nchi." Aliwaambia wateja, akawaambia watu kwenye foleni ya feri, akamwambia bosi katikati ya meeting ya Jumatatu.

Bosi akamwambia, "Athmani, tunazungumzia kontena." Naye akajibu, "Kontena litatoka, bosi. Lakini huyu mtoto, we ngoja tu."

Nilipomwona Rajabu akipiga, nilielewa kidogo. Hakuwa na haraka. Mpira unakuja kasi, yeye ametulia kama mtu anayengoja chapati igeuke.

Timu yao ilikuwa na desturi moja, na aliyeileta ni Athmani. Mpira ukiigusa beti yako hata kidogo, na kipa aliye nyuma yako akaudaka, umetoka. Lakini mguso ukiwa mdogo, anayejua kwa hakika ni wewe peke yako. Alikuwa akiwaambia, "Usimngoje ampaya. Toka mwenyewe." Timu nyingine ziliwacheka kwa hilo, na wao wakaendelea kutoka.

Aliwasumbua wale wanaochagua timu ya vijana, message juu ya message, mpaka wakaja kutoka Nairobi kumtazama Rajabu. Siku hiyo vijana walitandika ule mkeka wanaochezea, Athmani akaukanyaga miguu mitupu mwisho hadi mwisho, akitafuta mikunjo isije ikamharibia kijana wake.

Rajabu akaingia. Hata hajatulia, mpira ukapita ubavuni mwa beti, kipa akaudaka. Wapinzani wakapiga kelele kudai out. Rajabu akabaki amesimama, akaonyesha pedi ya mguu, kwamba mpira umegusa pale.

Uwanja mzima ukamgeukia Athmani. Mimi nilikuwa kando kwenye viti, naomba asiinue mkono. Akainua kidole. Out.

Wageni wakaondoka na majina ya wengine.

Mjomba wa Rajabu aliacha kuitikia salamu ya Athmani msikitini. Watu wakasema ana wivu, amemfungia mtoto mlango kwa sababu yeye mwenyewe hakufika popote. Rajabu akahamia timu ya kisiwani, asimsemeshe tena mtu aliyemfundisha hata kushika beti. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Athmani hakujibu mtu. Lakini koti lile hakulivaa tena. Na chai ikija, alianza kuniuliza.

"Dada Mercy, siku ile upepo ulikuwa mkali, sivyo? Labda ni pedi kweli."

"Kaka, mimi nilikuwa mbali."

"Nilisikia beti. Wallahi nilisikia. Lakini je, kama nimemdhulumu mtoto wa watu?"

Nilichoka kuulizwa, naye alichoka kuuliza, ila hakuacha. Hata Jumatatu, kichwa kinamuuma, aliniuliza. Na bado mtu akimtaja Rajabu alisema yale yale: atavaa jezi ya nchi, ngojeni.

Jana wanaume walipokwenda makaburini, mimi nilibaki nyumbani na mkewe na kina mama wengine. Waliporudi nikatoka nje kupata hewa. Rajabu alikuwa amesimama kando ya ukuta, mchanga bado mikononi. Ndevu zimeanza kumwota.

"Shikamoo, auntie."

"Marahaba, mwanangu."

"Mpira uliigusa beti yangu," akasema. "Nilihisi mikononi. Nilijua kabla hajainua kidole."

Nikamuuliza mbona hakuja kumwambia. Akasema kila wiki alijiambia atakuja Jumapili. Akalia. Sikuwa na nguvu ya kumgombeza wala ya kumnyamazisha.

Kisha akajipangusa uso, akaenda walikoketi wanaume, mjomba wake akiwemo, akasema kwa sauti, wote wakasikia: "Mzee Athmani alisikia sawa. Niliugusa ule mpira, nikasimama." Mjomba akainamisha kichwa. Hakuna aliyekuwa amemtuma aseme.

Athmani, chai yako imepoa hapa mezani na sijaweza kuimwaga. Kama atavaa jezi ya nchi mimi sijui, kriketi ni yako. Ninachojua ni kwamba jana, mbele ya watu wote, Rajabu alitoka mwenyewe.

Ilikuwa beti, kaka yangu. Usiniulize tena. Lala.