Sikio la Kushoto, Mkono wa Kulia

Enzi zetu, wewe mwenzangu uliyezaliwa milimani na sasa unasoma haya umenyoosha mkono mbali kwa kukosa miwani, hakuna mtoto aliyeulizwa cheti cha kuzaliwa. Umri wetu ulikuwa sikioni. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza ulisimama mbele ya Mwalimu Mkuu, ukapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, na vidole vikigusa sikio la kushoto, basi umekua. Visipogusa, wewe bado mdogo, rudi nyumbani ukanywe uji, uje mwakani. Nikiwasimulia walimu vijana ninaofundisha nao hapa Lushoto wanacheka mpaka wanaweka simu mezani, na hilo si jambo dogo. "Kweli, Mwalimu Naomi?" Kweli kabisa, wanangu.

Nakumbuka baridi kwanza. Kijijini kwetu, juu kidogo ya Gare, ukungu ulikuwa unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Tulikwenda shule ya vidudu miguu mitupu, mwilini sweta ambalo Mama alilifuma kwa nyuzi za sweta jingine lililokwisha kazi, mkononi kipande cha kuni cha kupikia uji. Shule yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa, chenye mabenchi marefu ya wanakwaya, na miguu yetu ilining'inia hewani asubuhi nzima. Mwalimu alikuwa mmoja tu, Mwalimu Tabitha, mwanamke mfupi aliyefunga kitenge juu ya koti la kiume. Wazazi walimletea maharage, viazi na kabichi. Tulihesabu kwa vizibo vya soda, tukaandika a e i o u kwa kidole kwenye vumbi, na mvua ikinyesha tuliandika kwenye tope, ambalo kusema kweli lilikuwa tamu zaidi.

Sasa nimtaje kaka yangu Zakaria, maana bila yeye haya yote yangekuwa soga tu za mtu mzima. Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Mkono wake wa kulia alizaliwa nao umejikunja: kiwiko hakinyooki, bega halipandi. Hakuna aliyejua jina la hali ile. Bibi alisema ni mapenzi ya Mungu, na shangazi mmoja alisema mengine ambayo Mama alimkataza kuyarudia ndani ya nyumba yetu. Kila jioni Mama aliukanda ule mkono kwa mafuta ya uvuguvugu, na kila asubuhi uliamka vile vile, unang'aa tu.

Zakaria alifanya kila kitu kwa kushoto. Alichuma peasi, alicheza mdako, na tukiteleza kwenye mteremko tumekalia magome ya migomba alitushinda wote, kwa sababu hakuwa na mkono wa pili wa kujizuia, akaamua kutojizuia kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye chakula. Mnajua kwetu mkono wa kushoto haukaribii sahani wala haumpi mtu mzima kitu. Kwa hiyo Bibi alimlisha mwenyewe, tonge kwa tonge, mpaka anafikisha miaka sita. Alimlisha kwa upendo wote, na Zakaria alikula amefumba macho kwa aibu.

Mama ndiye aliyenisimulia siku ya kwanza ya Zakaria kwenye vidudu. Uji ulipogawiwa, alikaa mbele ya kikombe akisubiri kunyweshwa. Mwalimu Tabitha alimtazama. Ijumaa ile akawatangazia watoto wote kwamba leo ni siku ya kushoto: kunywa kwa kushoto, kufagia kwa kushoto, kuandika kwa kushoto. Uji ulimwagika mpaka kwenye mabenchi ya kwaya. Kikombe kimoja tu ndicho hakikupoteza hata tone, na Mwalimu akasema, "Zakaria, wafundishe wenzako." Nilipojiunga mimi, siku ya kushoto ilikuwa imekuwa desturi ya kila Ijumaa, na nakiri kwamba nilikuwa mmoja wa waliojimwagia uji kifuani kila wiki.

Bibi alipopata habari ya Ijumaa ile ya kwanza hakungoja jioni. Alishuka kanisani na fimbo yake kuuliza kama siku hizi kanisa linafundisha watoto kukosa adabu. Mwalimu Tabitha alipiga goti, akasema shikamoo, kisha akaongeza "onga makeo", salamu ya asubuhi ya Kishambaa, ili moyo wa mzee utulie, akamketisha na kumpa uji. Bibi akakaa pale, akamwona mjukuu wake akinywa mwenyewe mpaka chini ya kikombe. Jioni ile nyumbani aliweka sahani ya makande mbele ya Zakaria, akampa kijiko, kisha yeye akageukia moto na kutugeuzia mgongo, ili mtoto ale kwa kushoto bila yeye kuona. Alifanya hivyo kila mlo mpaka alipofariki. Nikikumbuka mgongo ule wa Bibi napata joto la moyo ambalo siwezi kulieleza vizuri.

Mwalimu Tabitha hakuwa amesomea elimu maalumu. Nadhani hata maneno hayo hakuwahi kuyasikia. Lakini aliona kwamba ule mkono wa kulia, ingawa haukunyooka, ulikuwa na nguvu ya kubana, na kibao cha kuandikia cha Zakaria kilikuwa kinateleza kila anapoandika. Akamwambia, "Wa kulia ni wa kushika kibao kisikimbie. Wa kushoto ni wa kuandika. Kila mmoja uupe kazi yake." Akamfundisha pia kumpa mkubwa kitu: unatoa kwa kushoto, na wa kulia unausindikiza chini yake, ili mkubwa aone kwamba heshima ipo.

Ila kipimo cha sikio hakikujua habari hizo. Zakaria alipokuwa na miaka saba alikwenda kuandikishwa, mkono wa kulia haukufika hata shavuni. Akainua wa kushoto. Mwalimu Mkuu akasema, "Kulia," kwa kuwa kulia ndiyo sheria na foleni ilikuwa ndefu. Mwakani. Miaka minane, mwakani. Nawaambia jambo la kushangaza: watu wazima wote, pamoja na wale waliomwona akizaliwa, walirudi nyumbani wakisema, "Zakaria bado mdogo." Kipimo kilikuwa kimeshasema, nani abishane nacho?

Mwaka wa tatu ndio ulikuwa wetu sote wawili. Mimi nilikuwa na saba, yeye tisa. Baba alishasema kwamba mara hii akikataliwa, Zakaria atashuka Magoma kwa mjomba kuwinga ndege mpungani, na habari ya shule itakwisha. Baba hakuwa mtu mbaya. Alichoka kumwona mwanawe akirudi analia.

Miezi yote ya nyuma tulifanya mazoezi. Watoto wa kwetu waliamini kwamba ukining'inia kwenye tawi la mpeasi mkono unarefuka, kwa hiyo ungepita kwetu jioni ungeona watoto wanane wananing'inia mtini kama nguo za kufuliwa. Mimi nikaona Zakaria anahitaji msaada wa ziada. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikakanyaga shina, nikauvuta. Hakulia kwa sauti. Alinitazama tu machozi yakimtoka, akaniambia, "Vuta tena, Naomi." Nikavuta tena. Mwalimu Tabitha alitukuta, akanitoa pale kwa sikio langu la kushoto, lile lile. "Mkono huu haukuja kunyooshwa," aliniambia. Ni aibu yangu ya utotoni ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Siku ya kuandikishwa kulikuwa na manyunyu. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa Tanga mjini, anayeonewa na baridi yetu, shingoni mafla mbili. Nikaitwa, nikainua mkono, nikashika sikio lote na kulivuta kwa madaha. "Huyu amekua. Simama kule." Akaitwa Zakaria. Mkono ukaishia pale pale.

"Bado huyu," akasema Mwalimu Mkuu, bila ubaya. "Mwakani."

Mama akainamisha kichwa. Mimi nikatoka kwenye kundi la waliokua, nikarudi kusimama na kaka yangu. "Basi na mimi mwakani," nikasema, na nilikuwa nalia kiasi kwamba sijui kama kuna aliyenielewa. Ndipo Mwalimu Tabitha, aliyekuwa ameshuka na watoto wake wa vidudu, akatoka pembeni.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, Mwalimu."

"Wale mbuzi wako wa nyuma ya ofisi. Ukinunua mmoja, umri wake unaujuaje?"

"Kwa meno. Nani asiyejua?"

"Basi naomba umwangalie huyu. Zakaria, fungua mdomo."

Akafungua. Mwalimu Mkuu akainama, akatazama juu, akatazama chini, kama yuko mnadani. Meno ya mbele yote yalikuwa yameshaota ya ukubwani. Akajinyoosha, akakuna mafla. "Haya, amekua. Lakini ataandikaje na mkono huo? Kushoto hapa hatuandikii."

Mwalimu Tabitha akatoa kibao na chaki ndani ya kitenge chake. "Andika neno lolote unalolijua vizuri," akamwambia.

Zakaria akachuchumaa, akabana kibao gotini kwa mkono wa kulia, akatoa ulimi nje kama kawaida yake, akaandika. Tulisikia chaki ikikwaruza. Alipomaliza akasimama, akampa Mwalimu Mkuu kibao kwa kushoto, na wa kulia akausindikiza chini yake. Herufi zilikuwa zimenyooka kuliko za wengi wa darasa la pili. Alikuwa ameandika: mwakani.

"Kwa nini neno hili?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Ndilo nalijua vizuri, Mwalimu. Umeniambia mara tatu."

Yule mzee alikishika kile kibao muda mrefu, manyunyu yakaanza kuzifuta herufi. Kisha akakaa, akachukua kalamu, akauliza kwa sauti ya chini, "Jina lako kamili ni nani, mwanangu?" Mama alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na njia nzima ya kurudi alitushika, mimi mkono wa kushoto, Zakaria wa kulia, ule uliojikunja.

Leo Zakaria ana bustani ya miche upande wa Kifungilo, peasi na parachichi, na vijana wake wanamlalamikia kwamba wakichelewa anawatania kutwa nzima. Mimi nafundisha darasa la awali. Nina mabenchi ya kimo cha watoto, nina picha ukutani, nina fomu ya kupima kila mtoto yenye kurasa nyingi kuliko daftari letu la mwaka mzima. Wapo wataalamu wa macho, wa masikio, wa usonji, na ukiwangoja kwa subira wanafika. Ni jambo jema na sitaki kulibeza. Lakini mwalimu mwenzangu kijana juzi alinijia analalamika kwamba fomu haina kisanduku cha mtoto anayejificha chini ya meza. Nikamuuliza, "Umeshaingia naye chini ya meza?" Akanitazama kama niliyemwambia apande mlima Magamba kwa magoti. Hicho ndicho ninachokikosa, jamani. Mwalimu Tabitha alijua kila mtoto analala na nani, anaogopa nini, na uji wake anaupenda wa moto kiasi gani, na hakuandika popote.

Januari hii alikuja bibi mmoja kutoka huko juu, na mjukuu wake Rehema, miaka mitano. Cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Lakini kabla hajakitoa, kwa mazoea ya zamani, aliuchukua mkono wa kulia wa mtoto, akaupitisha juu ya utosi mpaka kwenye sikio. "Anafika, Mwalimu," akasema kwa fahari. Nikacheka, nikapiga makofi nyuma ya Rehema kumpongeza. Hakugeuka. Nikapiga tena, kwa nguvu. Darasa zima liligeuka isipokuwa yeye, bado ameshika sikio lake na kumtabasamia bibi yake. Nikajiuliza ni wangapi wa rika letu walilishika sikio vizuri kabisa, wakaingia darasa la kwanza, wakachapwa kwa ukaidi, na hakuna aliyewahi kuuliza kama lile sikio linasikia.

Nimemkalisha mbele, dirishani, mwanga uniangukie usoni ili anione midomo. Mtaalamu wa masikio atapita mwezi ujao. Jioni ile nilimpigia simu Zakaria, nikamweleza kila kitu, kwamba huenda atahitaji shule nyingine baadaye, kwamba wenzangu wanasema tungoje majibu kwanza ndipo tumpokee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho si tabia yake.

"Naomi," akasema, "mfanyie lolote, ila usimwambie mwakani."

Nilimjibu kwamba nilikuwa nimeshamwandika, asubuhi ile ile, jina kamili.