Nani Atampondea Nyanya Mukimo?

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya meno, Karatina. Nyanya mmoja akatoka kung'olewa jino, pamba mdomoni, muuguzi akimwandama: "Cucu, githeri hapana. Mahindi itaingia kwa shimo. Kunywa uji vuguvugu."

"Ati uji? Imetoka jino, si mimi!" nyanya akafoka. "Mukimo ya viazi je?"

"Bila mahindi, ipondwe laini, ipoe. Hiyo ni sawa."

Nyanya akamgeukia mwanawe aliyemleta, mzee mwenye mvi. "Umesikia? Utaponda wewe."

"Mama, mwanaume haingii jikoni!"

"Na wewe ulipokuwa huna meno, nani alikupondea?"

Mwana akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Sisi wanaume wengine pale foleni tukaangalia viatu vyetu.