Mrija wa Kibuyu

Kila ninaponusa spiriti zahanati, narudi bondeni chini ya kilima cha Kinyinya, kwetu sisi Watwa wafinyanzi. Majirani walinunua vyungu vyetu, lakini hakuna aliyekubali kunywa mahali tulipoweka midomo. Ila muuguzi mmoja tu. Alishuka kwa miguu kutuchanja, na kila akimaliza alipokea kibuyu cha mama, akanywa pombe ya ndizi kwa mrija wetu uleule. Vidole vyake vilinuka spiriti. Kwa ajili ya mrija ule tulimpigia kura sote, akawa konseye, diwani wetu.

Aliporudi alifuatana na wakubwa wawili wa serikali ya komini. Mama alikimbilia kibuyu.

"Karibu, daktari wetu. Kunywa, iko tamu."

Alikitazama kibuyu, akawatazama wale wawili, akalamba midomo iliyokauka kwa jua.

"Asante, mama. Sina kiu."

Kisha akatuambia bonde linatakiwa, tuhame kabla ya mvua.

Walipoondoka, mama aliuchomoa mrija, akaufuta kwa kitenge, taratibu, kama majirani walivyofuta kila tulichokigusa.