Kifaransa Kwenye Foleni ya Maji

Ndululu anaweka dau la beberu wake: hii hakuna mtu ataamini. Yeye ndiye bingwa wa kuuza maji kwa punda Migwani yote, na ingawa shule aliiacha darasa la nne, wa kumshinda maneno hajazaliwa. Lakini miaka ya themanini hapo, karani wa ile maktaba ndogo ya sokoni alimfunga mdomo. Mama mpole, kila kitabu anakipuliza vumbi kabla akirudishe, na hata akinunua maharagwe anaongea chini kama kuna mtu anasoma karibu. Alitaka kusomea digrii ya pili ya mambo ya maktaba. Ya kwanza alikuwa nayo, miaka ya kazi pia, lakini chuo kilisema bila kupita mtihani wa lugha ya kigeni haingii. Basi kila asubuhi kwa foleni ya maji, mkono juu ya mtungi wake, anamwongelesha punda wa Ndululu Kifaransa. Kina mama wa kanisa walidhani ananena kwa lugha, wakawa wanaitikia, "Amina!" Anangoja wamalize, anaendelea pale aliachia.

"Madam, huyo punda ni Mkamba, hasikii!" Ndululu akamwambia.

"Hasikii, lakini hanicheki," akasema, akimkuna sikio.

Siku alirudi kutoka Nairobi kufanya mtihani, alishika foleni kama kawaida. Akamnong'oneza punda kwanza, kitu kirefu. Halafu akageuka, sauti ileile ya chini: "Nimepita. Wamenichukua." Ndululu alitafuta mzaha, akaukosa, akamjazia mtungi.

Alikuwa ameambia soko lote huyo mama atafeli. Alikosea.